Baba Mkwe wa Namba Saba

Chumba cha kompyuta cha Ackson, pale Tukuyu mjini, kiliwahi kuwa bucha. Ndoano za nyama zilikuwa bado zinaning'inia darini, na siku za mvua, ambazo Tukuyu ndizo nyingi, Tulia alitundika mwavuli wake kwenye ndoano ya karibu na mlango kabla ya kuwasha mashine. Ijumaa moja, mwaka ule kampuni mpya ya chai ilipokuwa inamalizia kukabidhiwa mashamba yaliyokuwa ya serikali, alitundika mwavuli, akafuta skrini kwa pindo la kanga, akaketi kuandika majina ya wakulima wa mgongo wa kilima wa Kinyala.

Kazi ilikuwa ya kampuni. Wanunuzi wa Ulaya walitaka kuona kwenye mtandao ni akina nani hasa wanaolima chai wanayokunywa, na kampuni ilitaka waonekane. Ofisa mashamba wake, Bwana Geresoni, alikuwa ameleta majina kwenye karatasi, yamepangwa jinsi mashamba yenyewe yalivyojipanga mgongoni, la kwanza likiwa barabarani na la mwisho kijitoni. Tena Jumatatu mpima ardhi angekuja kugonga bikoni, yaani nguzo za mipaka, na kampuni ilishatangaza kwenye mkutano wa kijiji kwamba itawatambua wale tu watakaokuwa kwenye ukurasa wa mtandao, kwa mpangilio huohuo. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyewahi kuuona mtandao, lakini ulitajwa kwa heshima kubwa, ikaonekana kuuliza ni utovu wa adabu.

Ackson ndiye aliyemfundisha Tulia kuandika kurasa, na katika yote aliyofundishwa, kilichompendeza zaidi ni orodha. Namba huziandiki wewe. Unafungua orodha kwa herufi mbili, o na l, zilizobanwa na alama zenye ncha, kisha kila mtu unampa mstari wake kwa herufi nyingine mbili, l na i, na mashine inahesabu yenyewe. Ukimwingiza mtu katikati, walio chini yake wanateremka bila kuambiwa. Ukimtoa, wanapanda kuziba pengo, na hapabaki hata mkwaruzo wa kuonyesha kwamba palikuwa na mtu. Tulia aliona mashine ina adabu kuliko foleni ya hospitali.

Aliandika wa kwanza, wa pili, akaendelea mpaka wa sita, Jotham. Wa saba alikuwa mzee Lwitiko, naye ni baba yake Asajile, mume wa Tulia.

Hapo vidole vilisimama. Mwanamke wa Kinyakyusa halitaji jina la baba mkwe wake. Hamtazami usoni, haketi anapoketi, na akimwona anakuja njiani hujitupa pembeni, kwenye migomba au hata kwenye tope, mpaka apite. Mzee naye akiwa na adabu zake hukohoa mapema. Wasichana wengi wa rika la Tulia walishaanza kulegeza mambo hayo, hasa walioolewa mjini, lakini Tulia alikuwa ameyashika, tena kwa kupenda. Mzee yule alimheshimu kwa kukohoa toka mbali sana, na yeye aliona ni haki amlipe. Kanisani, wimbo wa Kinyakyusa ulipofika kwenye neno la imani, ambalo ndilo hilo jina, Tulia alifumba mdomo na kuliacha lipite. Kwa hiyo aliona ni muda mrefu sasa anamwamini Mungu bila kusema.

Kulitaja na kuliandika aliona ni jambo moja. Basi akaufungua mstari wa saba, akaufunga bila kitu ndani, akaendelea na wa nane, mjane aitwaye Prisca, mpaka akamaliza. Kwenye skrini ilitokea saba na nukta yake, mbele yake peupe. Ackson alikuwa amekwenda Mbeya kufuata modemu. Akirudi angejaza.

Aliyetangulia kufika ni Geresoni. Alikung'uta maji kwenye koti, akainama nyuma ya Tulia kusoma.

"Saba mbona haina mtu?"

"Yupo, baba. Ackson atamwandika akirudi."

"Na wewe mkono umevunjika?"

"Ni baba yake Asajile."

Geresoni alikuwa Mnyakyusa wa Nkunga, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mke wake mwenyewe alikuwa hasemi "gari" bali "kile cha magurudumu", kwa sababu jina la babaye Geresoni lilianza karibu hivyo.  Tangu kampuni ifike ilikuwa inatafuta kipande kule kijitoni cha kuweka pampu, na kijitoni hapakuwa na nafasi, kwani shamba la mwisho lilikuwa limelowesha miguu majini. Aliitazama ile saba na nukta yake kama mtu aliyeona kitu kimeanguka njiani na anageuka kuangalia kama mwenyewe yupo karibu.

"Basi liandike," alisema.

"Siwezi."

"Basi futa. Ulaya hawawezi kuona namba haina mtu, watasema tunaficha."

"Tumsubiri Ackson, baba. Mchana atakuwa hapa."

"Mimi mchana nataka iwe imeshafika huko. Andika au futa, mkamwana. Silazimishi kimojawapo."

Aliliweka neno hilo la mkamwana kwa upole kabisa, na upole wenyewe ndio uliomwogopesha Tulia. Mvua ilipiga mabati. Aliiangalia herufi ya L kwenye kibodi, ikiwa mahali pake kama siku zote, akapeleka kidole, kikaishia juu yake hakikushuka. Alijaribu tena. Geresoni alikuwa anapumua nyuma ya shingo yake na wala hakuwa na haraka yoyote. Mwishowe Tulia akaufuta mstari wa saba.

Walio chini walipanda. Prisca akawa wa saba, na wa mwisho akawa na namba pungufu ya ile aliyokuwa nayo asubuhi. Geresoni aliamuru ichapwe, akaikunja ile karatasi kabla wino haujakauka, akaiingiza mfuko wa ndani wa koti.

"Ndaga fijo," alishukuru kwa Kinyakyusa, akaenda zake.

Tulia aliuchukua mwavuli kwenye ndoano akautundika tena. Alijichukia, na hakujua kama anajichukia kwa kufuta au kwa kuwa karibu kuandika.

Jumamosi asubuhi Asajile alikwenda Kinyala kumpelekea baba yake dawa ya kuku. Alirudi Kawetele, walikopanga chumba, na dawa yake mkononi.

"Kwa baba pamezibika," alisema.

"Pamezibikaje?"

"Kwa Jotham na kwa Prisca sasa ni mpaka mmoja. Kwetu hakupo."

Alikaa akavua viatu, akaeleza. Mashamba yote ya chini yalikuwa yamepanda, kila moja na nyumba yake, migomba yake na makaburi yake, kiasi cha upana wa shamba moja. Yalipanda taratibu, maana hakuna chungu kilichomwagika. Prisca alikuwa analalamika kwamba moshi wa jiko la Jotham sasa unaingia kwake, na wale wa chini kwamba maji yamekuwa mbali. Kule kijitoni, mahali ambapo shamba la mwisho lilikuwa linalowesha miguu, kilikuwa kimetokea kipande cha udongo mwekundu, kitupu, laini kama unga wa ulezi, na vijana wa kampuni walikuwa wanashusha mabomba.

"Na wazee?"

"Wapo. Wako kwenye ujia."

Kati ya shamba na shamba huwa pana ujia wa kupita mtu mmoja na kikapu chake. Ujia wa kati ya Jotham na Prisca ulikuwa umebaki, na hapo ndipo mzee Lwitiko na mkewe Veronika walipoamkia, wakiwa na mkeka, sufuria mbili na jogoo. Nyumba, chai, migomba na ng'ombe havikuwepo. Mzee alikuwa amelala kwa urefu wa ujia, kwa kuwa kwa upana usingetosha, na Veronika alikuwa amelala akianzia pale miguu ya mumewe ilipoishia. Wachumaji chai waliokuwa wanapita asubuhi waliwaamkia, wakawaruka.

Tulia alimweleza mumewe kilichotokea Ijumaa. Asajile hakumpigia kelele. Alivaa viatu tena, na hilo lilimuuma Tulia kuliko kelele.

Ackson walimkuta bucha anafunga modemu mpya. Aliwasikiliza akiwa chini ya meza, akatoka, akapangusa mikono.

"Kitu kidogo hicho," alisema. "Tunamrudisha."

Akafungua orodha, akaingiza mstari mpya baada ya Jotham, akaandika jina la mzee kwa vidole viwili. Alipotazama ukurasa, saba ilikuwepo na nukta yake, na mbele yake peupe. Aliandika tena. Peupe. Alimpisha Asajile, ambaye ni mtoto wa mzee na ana ruhusa yote ya kumtaja, naye akaandika kwa herufi kubwa. Majina mengine yote yalitulia mahali pake, hilo moja tu mashine haikulisema.

Ackson alijikuna kidevu. Aliwahi kusikia kwamba mashine hushika tabia ya anayeitumia, na hii Tulia aliitumia mwaka mzima.

"Imekuwa mkamwana," alisema. "Inamheshimu mzee."

"Sasa?" aliuliza Asajile.

"Sasa mpaka aliyeifundisha aifundishe vingine. Aandike yeye."

Wanaume wawili hawakumtazama Tulia, kwa adabu. Tulia aliangalia ndoano.

Ackson alijaribu njia nyingine. Aliikata orodha katikati. Ya kwanza aliifunga kwa Jotham, wa sita, kisha akafungua ya pili na kuiamuru ianzie nane. Mashine ilikubali. Prisca akarudi kuwa wa nane na waliobaki wakateremka wote, na kati ya sita na nane hapakuwa na mtu wala namba.

Kinyala mashamba yaliteremka jioni hiyo watu wakiwa wanapika. Prisca alishukuru kwa ajili ya moshi. Kati yake na Jotham palifunguka upana mzima wa shamba, ila palikuwa patupu, udongo mwekundu mtupu kama ule wa kijitoni. Mzee Lwitiko alisimama ukingoni na jogoo wake. Hakukanyaga. Alimwambia Jotham kwamba ardhi ile haimjui.

"Lakini nkamu, ndugu yangu, si ni hapohapo?" aliuliza Jotham.

"Ni hapohapo. Ila mimi simo."

Jotham aliuchungulia ule upana. Alikuwa jirani mwema, na tangu wakiwa vijana alikuwa akimwazima mzee jembe. Hata hivyo usiku wa kuamkia Jumapili mbuzi wake walifungwa pale patupu, na Jumapili baada ya ibada yalionekana mashimo machache ya migomba upande wa kwake. Upande wa Prisca nako yalionekana. Kipande kisicho na mtu hakiwezi kukaa hivihivi.

Jumapili hiyohiyo Veronika alishuka hadi Kawetele kwa miguu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na alikaa kwenye kigoda cha mkamwana wake akiwa hajafunua chakula alichotengewa.

"Nasikia mashine inakutaka wewe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Usiandike."

"Mama, kesho wanagonga bikoni."

"Najua. Mimi ndiye ninayelala ujiani, siyo wewe." Aliutazama mkono wa Tulia, ambao ulikuwa umejiweka wenyewe juu ya tumbo. Mimba ilikuwa imeanza kuonekana. "Nimeolewa nikiwa mtoto. Baba yake huyo mzee sikumtaja mpaka anazikwa, na nimezaa wote wazima. Shamba hata likienda, litaelezeka. Huyo wa tumboni akiharibika utaelezaje?"

 Asajile alikuwa amesimama mlangoni, na Tulia angependa aseme lolote, aseme andika au aseme acha. Hakusema. Tulia alimkasirikia kwa hilo kwa muda mrefu baadaye, hata baada ya kumsamehe.

Jumatatu asubuhi hapakuwa na mvua. Tulia aliwahi bucha kuliko siku zote, akawasha mashine, akaifungua orodha, akakaa. Ackson alikuwa uani anachemsha chai. Ilisemwa mpima ardhi angeanza kazi kabla ya adhuhuri.

Ndipo akasikia kikohozi.

Kilitokea mbali, upande wa stendi. Kikaja karibu na duka la mbegu. Kikaja tena, nje ya bucha. Tulia alivuta kanga usoni akasimama aingie nyuma, lakini nyuma palikuwa na ukuta tu. Mzee Lwitiko hakuingia. Alisimama nje ya dirisha, mgongo ameupa chumba, uso ameupa barabara, akazungumza na barabara.

"We barabara," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kimekaa sana nyumbani kwa Kinyakyusa. "Kuna mtoto wangu humo ndani. Mwambie nimesikia anasumbuka."

Tulia alishika meza.

"Mwambie, jina ni langu. Alinipa tata, baba yangu. Nikimpa mtu alibebe, nani atasema ameiba? Mwambie mimi mzee nimemtua mzigo. Akiona vibaya aache, nitalala ujiani, sina neno. Akiona vema, aandike. Mtoto wa tumboni atauliziwa kwangu."

 Barabarani alipita mtu na baiskeli ya ndizi, akamwamkia mzee, mzee akaitikia. Tulia aliketi. Kidole kilishuka kwenye L na safari hii hakikugoma, kikaenda kwenye w, kikaendelea hadi mwisho. Alilia wakati wote huo, na hakuficha. Ukurasa ulipofunguka, saba ilikuwa na nukta yake, na mbele ya nukta palikuwa na jina.

"Lwitiko," alisoma kwa sauti, kwa kuwa Ackson alimfundisha asome kila mstari kabla ya kuchapa.

Nje, mzee aligeuka. Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu Asajile amwoe. Alikuwa na macho ya Asajile, jambo ambalo aliwahi kuambiwa. Hakuna kilichomdondokea.

Kinyala, Asajile na mama yake walikuwa wamekaa ujiani nyumba iliporudi. Ilirudi na paa lake lililopinda, na mstari wa nguo ambazo Veronika alikuwa amezianika Alhamisi, zilizokauka. Migomba ilirudi, chai ikarudi ikiwa imepitiliza kwa siku za kutochumwa, ng'ombe akarudi akilalamika hajakamuliwa. Mbuzi wa Jotham walijikuta wamefungwa sebuleni kwa watu. Jotham alikuja kuwachukua, akaomba radhi.

Ackson alimpakia mzee mbele kwenye pikapu yake, Tulia nyuma na karatasi mpya ndani ya mfuko wa nailoni. Barabara ya Kinyala ni mbaya na Ackson hakuihurumia. Tulia alishikilia bomba la pikapu kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine, akiomba kimoyomoyo, na katika sala ile neno la imani alilitamka.

Walipofika, bikoni ya sita ilikuwa imeshagongwa.

Mpima ardhi alikuwa kijana mwenye kofia ya kitambaa na tochi ya mchana isiyoeleweka ya kazi gani. Wakulima walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye ujia wake, kimya, kama siku ya chanjo. Geresoni alikuwa ameshika karatasi ya Ijumaa. Tulia alishuka akapita moja kwa moja mpaka kwa mpima.

"Hii ndiyo orodha yenyewe," alisema. "Ile ilikuwa haijakamilika."

Mpima aliisoma. Alitazama shamba lililo mbele yake, nyumba, nguo za kuanikwa, mzee anayeshuka kwenye pikapu.

"Saba ni Lwitiko," alisema.

"Ndiye huyu."

Geresoni aliipokea ile karatasi, akaisoma kwa makini hadi chini. Hakuwa na hasira, na Tulia angeiweza hasira. "Umefanya vizuri sana," alimwambia. "Jina limekaa vizuri. Ukurasa utabaki hivyohivyo, Ulaya watafurahi, sisi tulikuwa tumepungukiwa mtu." Kisha akamgeukia mpima. "Wewe endelea na hii ya Ijumaa. Ndiyo yenye muhuri."

"Kwenye hii saba ni Prisca," alisema mpima.

"Basi ni Prisca."

"Bwana Geresoni," alisema Asajile, "nyumba ya baba ile pale. Unaiona."

"Naiona. Sijasema haipo. Nimesema haina muhuri."

Mpima alitazama karatasi moja, akatazama nyingine. Alikuwa na nyumba ya kupanga Mbeya na mkataba wa miezi. "Mimi napima nilichopewa," alisema, akamwashiria mpiga nyundo.

Tulia aliwatazama majirani. Jotham alikuwa anafunga kamba ya mbuzi, amekazana nayo. Prisca alikuwa amesimama karibu na nguo za Veronika, na kwa muda ilionekana kama atasema. Alifumbua mdomo. "Mimi sijaomba," alisema. "Ila nikikataa saba, na nane ina mwenyewe, mimi nitakuwa wapi?" Hilo lilikuwa kweli, na waliokuwa chini yake waliona ni kweli pia, kila mmoja akahesabu namba yake ya Ijumaa akaona ipo.

Nyundo ilipiga. Bikoni ilipoingia, shamba la Prisca lilipanda. Lilipanda mbele ya watu wote, bila vumbi, migomba ikitikisika kidogo juu, na shamba la mzee Lwitiko likawa linapungua upana, nyumba ikijibana, dirisha likafuata dirisha, hadi ukuta wa mbele na wa nyuma ukawa mstari mmoja na mstari ukawa ujia. Veronika aliwahi kuanua nguo. Kila bikoni ilipogongwa, shamba jingine lilipanda, na kule kijitoni udongo mwekundu ulitokea tena, na vijana wa kampuni, waliokuwa wamekaa juu ya mabomba yao wakisubiri, wakasimama.

Mzee Lwitiko aliangalia mpaka bikoni ya mwisho. Kisha alichukua mkeka akautandaza kwa urefu.

Hayo yote yalikwisha. Bendera ya kampuni ipo kijitoni na pampu inafanya kazi vizuri. Ukurasa upo kwenye mtandao, na jina la mzee limekaa namba saba, pamoja na picha yake anacheka, iliyopigwa siku kampuni ilipogawa kofia. Inasemekana Wazungu wanamwulizia. Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume, mwenye sauti ya nyanya yake, na Veronika alimkagua vidole vyote bila kusema neno juu ya yaliyopita. Tulia hayupo tena bucha, kwa kuwa Geresoni alimwomba Ackson atafute mtu mwenye mikono mizima, na Ackson akatafuta. Sasa anachuma chai kwenye shamba la Prisca.

Asubuhi huwa anapita ujiani na uji wa wazee. Zamani angejitupa pembeni mzee asimwone, lakini pembeni kwa kushoto ni kwa Jotham na pembeni kwa kulia ni kwa Prisca, na wote wawili hawapendi chai yao ikanyagwe. Kwa hiyo anakwenda moja kwa moja, na mzee hukohoa kwa mazoea tu.

Siku za mizani, wakulima hupanga vikapu bandani na karani huita kwa namba. Huita wa kwanza, akapima, akaita wa pili. Hufika, "Sita, Jotham." Jotham husogeza kikapu. Hapo Tulia, akiwa na mtoto mgongoni, husema kwa sauti ya kusikika banda zima, "Lwitiko." Mara za mwanzo watu waligeuka. Siku hizi hawageuki, ila majirani wamegundua kwamba hakuna mwingine anayelitaja jina hilo mgongo mzima. Karani ni kijana mwenye adabu. Huinua kalamu, akasubiri amalize.

"Saba," huendelea. "Prisca."